Maji, Sabuni na Mpira wa Mkojo

Mwaka 1972 jarida la madaktari wa mfumo wa mkojo la Marekani, Journal of Urology, lilichapisha makala fupi kutoka Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Jina la kwanza lilikuwa la profesa Jack Lapides. La pili lilikuwa la daktari kijana kutoka Ufilipino, Ananias Diokno. La mwisho lilikuwa la muuguzi, Lowe, nalo lilistahili kuwepo, maana makala ile ilihusu kumfundisha mgonjwa, na kazi hiyo katika kila hospitali huachiwa wauguzi.

Walichokisema kinaelezeka kwa maneno machache. Mgonjwa ambaye kibofu chake hakiwezi kujimwaga chenyewe afundishwe kujitia mpira wa mkojo kwa mkono wake, nyumbani, mara kadhaa kwa siku. Mkojo ukiisha autoe, auoshe kwa sabuni na maji, auweke mahali safi, na saa zikifika autumie tena. Hapakuwa na glavu wala vifaa vilivyotakaswa kwa mvuke, na daktari hakuhitajika kusimama pembeni. Madaktari wa wakati ule walikuwa wamelelewa katika imani kwamba hakuna kitu kinachoingia kwenye kibofu bila kutakaswa. Kwao lilikuwa pendekezo la kutisha.

Nimekuwa nikiufuatilia mwendo wa Diokno katika maandishi yake, kuanzia makala ile hadi nyingine aliyoitoa na wenzake mwaka 2018, miaka 46 baadaye. Yeye ni daktari wa upasuaji, lakini kila hatua kubwa ya kazi yake ilimsogeza mbali na chumba cha upasuaji, karibu na mikono ya mgonjwa mwenyewe. Naamini mwendo huo una faida zaidi kwetu sisi wa Afrika Mashariki kuliko kwa watu wa Michigan, na ndiyo sababu ya kuandika.

Tuanze na kibofu chenyewe. Figo za mtu mzima hutengeneza kiasi cha lita moja na nusu ya mkojo kwa siku. Kibofu huupokea kidogo kidogo, na ufundi wake ni kutanuka bila kukaza. Puto ukilijaza hewa linazidi kuwa gumu, ila kibofu kizima hulegea kadiri kinavyojaa. Kinapokaribia nusu lita mtu ameshabanwa. Ubongo hutoa ruhusa, mishipa ya fahamu inayotokea sehemu ya chini ya mgongo huipeleka, msuli wa ukuta wa kibofu unabana na msuli wa mlango unalegea kwa wakati huo huo. Tulijifunza kuutawala mpango huu tukiwa na miaka miwili au mitatu, kisha tukasahau kwamba tuliwahi kujifunza.

Mawasiliano hayo hukatika kwa njia nyingi. Dereva wa bodaboda anavunjika mgongo. Mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Kisukari cha miaka mingi kinaua mishipa ya fahamu taratibu, bila mwenyewe kujua. Kwa baadhi yao kibofu hujaa hadi kufurika, mkojo ukadondoka kutoka kwenye chombo ambacho kamwe hakimwagiki kikaisha. Kwa wengine ukuta unabana wakati mlango umefungwa, shinikizo likapanda na kurudi juu kwenye figo. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake, waliokuwa wakiwafuatilia watoto wenye mgongo wazi, walionyesha kwamba shinikizo linalohitajika ili mkojo uvuje likizidi sentimita 40 za maji, figo za mtoto ziko hatarini. Jamii huona nguo iliyolowa na kuishia hapo. Figo hazinuki wala hazilowi, nazo ndizo zinazomuua mtoto huyu.

Kabla ya makala ile ya Ann Arbor, mgonjwa wa namna hii alikuwa na njia chache, na zote zilimgharimu. Ya kwanza ilikuwa mpira wa kukaa, ule wenye puto dogo kwenye ncha, uliotokana na kazi ya Frederic Foley wa Minnesota katika miaka ya 1930. Hati ya ubunifu alinyimwa, ikaenda kwa mtu mwingine, lakini wodini hadi leo mpira huo unaitwa kwa jina lake. Umewasaidia watu wasiohesabika, hasa baada ya upasuaji na kwa wazee waliozibwa na tezi dume. Shida yake ni muda. Ukikaa mwezi mmoja, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kwenye mkojo, na baada ya hapo yanafuata mawe, homa na vidonda. Njia ya pili ilikuwa kisu. Mwaka 1950 daktari Eugene Bricker wa St. Louis alieleza jinsi ya kukata kipande cha utumbo mdogo, kukiunganisha na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na kukitoa nje kwenye ngozi ya tumbo ambako mfuko unabandikwa. Bricker alikuwa akiwatibu wagonjwa wa saratani, lakini baada yake watoto wengi wenye mgongo wazi walifanyiwa upasuaji huo, wakakua na mfuko ubavuni maisha yao yote.

Njia ya tatu ilikuwa ya Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939. Alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, na michezo aliyoianzisha pale mwaka 1948 ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Guttmann aligundua kwamba kibofu kikimwagwa kwa vipindi, mpira ukaingia na kutoka, hali ya mgonjwa ni njema kuliko mpira ukiachwa ndani. Mwaka 1966 alitoa matokeo yake pamoja na Hans Frankel. Lakini kwa Guttmann kila kuingiza mpira kulikuwa kama upasuaji mdogo, kwa vifaa vilivyotakaswa na mikono iliyofunzwa. Utaratibu huo unawezekana hospitalini. Mgonjwa akirudi nyumbani hauwezekani.

Lapides aliuliza swali ambalo wengine hawakuwa wakiliuliza: maambukizi yanatoka wapi hasa? Jibu lake lilikuwa kwamba bakteria peke yao hawatoshi. Kibofu kilichotanuka kupita kiasi hukosa damu ya kutosha kwenye ukuta wake, na ukuta uliokosa damu hauna ulinzi. Basi jambo la kwanza ni kukimwaga kibofu kwa wakati, kabla hakijatanuka. Mpira ulio safi tu, unaotumika kila baada ya saa nne au sita, unamlinda mgonjwa kuliko mpira uliotakaswa ambao unamsubiri muuguzi hadi jioni.

Ukubwa wa wazo hili, kwa macho yangu, hauko katika mafundisho ya damu na bakteria pekee. Lapides na Diokno walimhamisha mlinzi wa kibofu. Tangu hospitali zianze, mkojo wa mgonjwa huyu ulikuwa mali ya wodi: wodi iliamua lini utolewe, na nani, na kwa kifaa gani. Sasa saa ilikuwa mkononi mwake. Msichana wa chuo angeweza kuutia mpira kwenye mkoba wake, akaingia chooni kama wenzake, akatoka bila mtu kujua.

Mwaka 1983 Diokno na wenzake walirudi kwa wagonjwa walioanzishiwa njia hiyo miaka kumi nyuma na kuandika yaliyowapata. Kufikia hapo mabishano yalikuwa yamepoa. Njia iliyoonekana ya hatari ilikuwa imekuwa utaratibu wa kawaida duniani, na bado ndiyo inayopendekezwa kwanza. Katika mwaka ule ule wa 1972 Diokno na Lapides walikuwa pia wameandika kuhusu dawa mpya iitwayo oksibutinini, inayotuliza msuli wa kibofu kinachobanabana ovyo. Mpira unamwaga na dawa inatuliza, na hadi leo tiba ya mtoto mwenye mgongo wazi inajengwa juu ya viwili hivyo.

Sasa tuje kwetu. Nchini Tanzania wazazi na wauguzi husema kwa pamoja „kichwa kikubwa na mgongo wazi”, kwa sababu mara nyingi maradhi haya mawili humpata mtoto mmoja. Mgongo hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo za mimba, kabla wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito, na ndiyo maana vidonge vya asidi ya foliki vinavyotolewa siku ya kwanza ya kliniki humkuta mtoto ameshaumbika. Hospitali za kuufunga mgongo na kuondoa maji kichwani zipo: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Kijabe nchini Kenya, hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda. Madaktari wake wameokoa watoto wengi. Lakini upasuaji wa mgongo haurudishi mishipa ya kibofu. Mtoto anatoka wodini akiwa hai, kidonda kimefunga, na kazi ya miaka yote inayofuata inaanzia nyumbani kwao.

Ni kazi ya maji, sabuni na saa. Mama ananawa mikono, anamlaza mtoto, anamsafisha, anapaka mpira jeli ya maji, anauingiza polepole hadi mkojo utoke, anasubiri uishe wote, anautoa, anauosha ndani na nje, anauning'iniza ukauke. Baada ya saa nne anarudia. Mtoto akifika umri wa kuanza shule anaweza kuanza kujifunza mwenyewe, na wasichana hutumia kioo kidogo hadi mkono uzoee njia. Tumeshazoea kuuita „mpira”, ila kwa watoto hawa ni heri uwe wa plastiki au silikoni, kwa sababu wenye mgongo wazi hupata mzio wa mpira halisi kwa urahisi, na mzio huo unaweza kuwa mkali.

Wanaosikia habari hii kwa mara ya kwanza hushtuka kwamba mpira mmoja unaoshwa na kutumiwa tena na tena. Huona ni tiba ya kimaskini. Ni kweli kwamba nchi tajiri zimeelekea kwingine: hadi mwaka 2008 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu, ililipia mipira minne kwa mwezi kwa mgonjwa wa njia hii, na tangu mwaka huo inaweza kulipia hadi 200, ili kila mmoja utumike mara moja na kutupwa. Anayemudu afanye hivyo, ni raha zaidi. Lakini mama wa Singida anayeosha mpira wa mwanawe hajapewa makombo ya tiba ya Wamarekani. Anafanya kile kile walichokifanya wagonjwa wa kwanza wa Ann Arbor, kwa namna ile ile iliyothibitika. Anachopungukiwa ni maji ya bomba, mpira wa akiba, na mtu wa kumfundisha hadi aelewe.

Na shule. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tisa amepitisha vipindi viwili vya mpira. Kama choo cha shule hakina mlango unaofunga na ndoo ya maji, atajaa, atavuja, na wenzake watamcheka. Tunalo neno „kikojozi”, tunalirusha kwa watoto kama jiwe, na hatujiulizi limemwangukia nani. Wengi huacha shule kwa sababu hiyo, na akili zao ni nzima. Wapo madaktari wanaoweza kusaidia kwa kisu hata hapo: Paul Mitrofanoff, daktari Mfaransa wa mji wa Rouen, alieleza mwaka 1980 jinsi kidole tumbo kinavyoweza kugeuzwa kuwa njia ndogo kutoka kwenye ngozi ya tumbo hadi kwenye kibofu, ili mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu ajimwage bila kuvua nguo. Ni upasuaji mzuri. Hata huo unakamilika kwa mpira safi na mkono wa mtoto mwenyewe.

Diokno angeweza kuishia hapo na jina lake likabaki. Alihamia katika Hospitali ya William Beaumont, mji wa Royal Oak, akaiongoza idara ya mfumo wa mkojo, na pia aligeukia kundi jingine kabisa: wazee wasiokuwa na jeraha lolote la mgongo. Takwimu za zamani zilihesabu waliokuja kliniki au waliolazwa katika nyumba za wazee. Yeye na wenzake waligonga milango ya nyumba katika wilaya ya Washtenaw, Michigan, wakawahoji watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi sebuleni kwao. Matokeo yalitoka mwaka 1986. Wanawake 38 hivi kati ya kila 100, na wanaume 19, walikiri kutokwa na mkojo bila kutaka.

Hawa si wagonjwa wa nadra. Ni mama zetu. Kila ukoo una bibi anayechagua kiti cha karibu na mlango kwenye harusi, anayekataa chai safarini, anayekunja kitambaa cha ziada kwenye mkoba, ambaye siku hizi msibani hakai sana. Hakuna anayeuliza, naye hasemi. Tuna methali inayomwambia mficha maradhi kwamba kifo kitamuumbua, na nimeisikia ikitumiwa dhidi ya wazee hawa. Inawaonea. Mtu huficha anapojua kwamba akisema ataambiwa „ni uzee tu”, au atatolewa uani na kutandikiwa nailoni. Kuvuja mkojo hakupaswi kuhesabiwa kama sehemu ya uzee. Ni hali yenye sababu, na sababu nyingi zina tiba.

Wanazuoni wa fikihi, sheria ya Kiislamu, walilizungumza jambo hili waziwazi karne nyingi kabla ya kliniki. Aliyeshindwa kuzuia mkojo wana jina lake, mwenye salasul-bauli, na wamemwekea utaratibu: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati wa sala unapoingia, asali, wala kinachotoka bila hiari yake hakimbatilishii sala. Sheria ilimpa nafasi kwenye safu. Najua akina mama wa pwani waliojiondoa wenyewe kwenye darsa na maulidi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo.

Vifaa vya kisasa vipo: mlango wa bandia wa kibofu uliobuniwa na F. Brantley Scott na wenzake miaka ya 1970, vichocheo vya umeme vya mishipa ya nyonga vilivyotokana na kazi ya Emil Tanagho mjini San Francisco, sindano za botoksi. Vinafaa na ni ghali, na nisingependa msomaji aifunge makala hii akidhani kwamba bila hivyo hakuna la kufanya.

Mwaka 2018 Diokno na wenzake walitangaza jaribio lililowahusisha wanawake 463 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, wote wenye tatizo la kuvuja mkojo, katika majimbo ya Michigan, Pennsylvania na Alabama. Nusu yao waliingia darasani mara moja, kwa saa mbili, kwa makundi. Walielezwa kibofu kinavyofanya kazi. Walifundishwa kubana misuli ya chini ya nyonga, ile ambayo mtu huibana anapozuia hewa isitoke mbele za watu, mazoezi ambayo Arnold Kegel wa Los Angeles aliyaandika mwaka 1948. Walifundishwa kwamba hamu ya mkojo ikija ghafla wasikimbie, wasimame, wabane mara chache, wangoje itulie, ndipo watembee. Walifundishwa kurefusha muda kati ya haja na haja kidogo kidogo. Wakarudi nyumbani na karatasi na sauti iliyorekodiwa ya kuwaongoza mazoezini. Nusu nyingine hawakupata tiba. Baada ya miezi mitatu wale wa darasani walikuwa na nafuu iliyo wazi kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilidumu hadi mwaka ulipoisha.

Daktari bingwa wa upasuaji, mwishoni mwa kazi ya nusu karne, anathibitisha kwa vipimo vyote vya sayansi kwamba darasa la saa mbili linatibu. Sioni ushahidi mkubwa zaidi ya huo wa heshima ya daktari kwa wagonjwa wake.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Mwanamke ambaye mkojo unamtoka mfululizo, usiku na mchana, baada ya kujifungua kwa uchungu mrefu, huenda ana fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayatalifunga, na darasa lisimcheleweshe. Anahitaji upasuaji, na upasuaji huo hutolewa bure CCBRT Dar es Salaam. Vilevile mkojo wenye damu, au homa na maumivu ya mgongo, ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa waliobaki, na ndio wengi, neno langu ni kwa waganga wafawidhi wa vituo vya afya. Kila asubuhi kabla ya vipimo, wauguzi wenu huwakalisha mama wajawazito kwenye mabenchi na kuwapa elimu ya afya. Mabenchi hayo mchana huwa matupu. Chagueni siku moja kwa mwezi, waiteni akina mama na bibi, na wenye watoto wa mgongo wazi pia, mpeni muuguzi mmoja saa mbili na mlango unaofungwa.